720720 ni namba gani, na kwa nini ukiigawa haibaki kitu

Jana jioni tumekaa barazani hapa Lamu karibu na Mkunguni, mashua imeingia na samaki na wavuvi wabishana mafungu, mara wako saba mara wako wanane, maana kuna mtoto alikwenda kusaidia kuvuta nyavu na yeye ataka chake. Mi nikasema lau samaki wangekuwa 720720 msingebishana. Wakanicheka weee. Haya, ndo nawaeleza.

720720 ndo namba ndogo kuliko zote inayogawika kwa 1, 2, 3 hadi 16 bila kubaki hata kimoja. Wawe saba, wawe kumi na tatu, kila mtu apata sawa na mwenzake. Wenye hisabati husema ni kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 16, wengi tuliisoma shule kwa jina la elisiemu tukaiacha hukohuko.

Sasa mtu atadhani wazidisha tu 1 mara 2 mara 3 mpaka 16 basi. Ukifanya hivyo wapata 20,922,789,888,000, yagawika kweli lakini umejibebesha mzigo wa bure, kwa sababu namba nyingi tayari zimo ndani ya nyengine. Anza na 2520, hiyo yatosha 1 hadi 10. Ukitaka 11, hiyo ni namba tasa na haimo ndani ya 2520, huna njia ila uzidishe, yawa 27720. 12 je? Ni 3 mara 4, zote zimo, pita. 13 tasa tena, zidisha, 360360. 14 ni 2 mara 7, 15 ni 3 mara 5, zimo, usihangaike. 16 ndo yenye ujanja, ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani yataka 2 nne na sisi tunazo tatu tu, basi yaongezwa 2 moja na hapo ndo twafika 720720.

Na hilo neno tasa limekaa vizuri kwa kweli, tasa si ndo yule asiyezaa, na namba tasa haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hii yetu ina vigawo 240, yaani namba 240 zinazoigawa bila kubaki kitu! Hakuna namba iliyo chini yake iliyofika hapo.

Lingine, mbona 720 imejirudia mara mbili? Kwa sababu ni 720 mara 1001, na 1001 ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hivyo namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili yagawika kwa hizo tatu. Chukua 358358, gawa kwa 7 wapata 51194, gawa kwa 11 wapata 4654, gawa kwa 13 warudi 358 palepale. Nilimfanyia jamaa mmoja kwa tarakimu tatu za mwisho za simu yake akaniuliza nimesomea kwa mganga gani.

Lakini wavuvi wakiwa 17 kazi iko, kila mmoja achukua 42395 na watano wabaki wa kugombaniwa, kuwaridhisha nao yabidi uzidishe kwa 17 ufike 12,252,240. Na ukiongeza samaki mmoja tu, 720721, basi uwagawie watu wawili au kumi na sita au idadi yoyote ya hapo kati, kila mara abaki mmoja. Huyo mpeni yule mtoto.