Kikohozi Kinapokata Pumzi: Maswali na Majibu

Swali: Kwa nini nikikohoa mfululizo nahisi kama nakata roho?

Jibu: Hofu hiyo si udhaifu. Kila unapokohoa hewa husukumwa nje kwa nguvu, na usipopata nafasi ya kuvuta nyingine, uso hujaa damu, machozi hutoka, na wengine hutapika au hushikwa na kizunguzungu. Wakati mwingine nyuzi za sauti zilizomo kooni hukaza ghafla, hewa ikapita kwa shida na kwa mlio mkali. Mkazo huo kwa kawaida huachia wenyewe, mara nyingi kabla ya dakika 1 kwisha, ingawa kwa anayeupata dakika hiyo ni ndefu mno.

Swali: Nifanye nini wakati huo?

Jibu: Keti wima, inama mbele kidogo na uegemeze mikono mezani au magotini. Funga mdomo, kisha vuta hewa puani kidogo kidogo, kwa kuwa kuihema kwa pupa kupitia mdomoni hukausha koo ambalo tayari linawasha na kuchochea kikohozi kingine. Itoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza kinywaji cha moto. Maji yanywe kwa mafunda madogo baada ya kikohozi kulegea, usije ukapaliwa. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa. Aliye karibu naye asimzonge. Sauti tulivu inayomhesabia pumzi humfaa zaidi kuliko maswali.

Aliyekwamwa na kitu kooni ni jambo jingine kabisa. Maadamu anakohoa kwa nguvu, mwache aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa na kusema, apigwe mgongoni kati ya mabega mara 5, na kisipotoka asukumwe tumboni, juu ya kitovu, mara 5, kwa zamu, huku msaada wa dharura ukiitwa. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hasukumwi tumboni bali katikati ya kifua.

Swali: Nitajuaje kuwa hali ni ya hatari?

Jibu: Watu wengi hupima hatari kwa ukubwa wa sauti ya kikohozi. Mimi naona ni salama zaidi kutazama jinsi mgonjwa anavyopumua kikohozi kinapotulia. Akiwa anahema hata hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea ndani, mlio mkali unasikika kila anapovuta pumzi, au ulimi na midomo inageuka rangi ya buluu au kijivu, apelekwe hospitali mara moja. Afanyiwe vivyo hivyo akizirai, akitema damu, akiumwa kifua au akivimba uso na ulimi.

Mtoto mchanga hafuati kipimo hicho. Mfano ni kifaduro, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa: huanza kama mafua ya wiki 1 au 2, kisha huja vikohozi vya mfululizo ambavyo katikati yake mtoto huonekana mzima. Wakubwa huvuta hewa kwa mlio baada ya kukohoa, lakini mchanga huenda asitoe mlio wowote, akaacha tu kupumua kwa muda. Kwa hiyo asisubiriwe nyumbani, wala asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka 1. Chanjo ya kifaduro, inayotolewa pamoja na ile ya dondakoo na pepopunda, isicheleweshwe.

Swali: Na kikohozi kisichokwisha?

Jibu: Kikizidi wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu, hasa ukitoka jasho usiku au ukikonda. Taja pia dawa unazotumia: baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili, huleta kikohozi kikavu, ila usiiache kabla ya kuonana na daktari. Na kwa kuwa kikohozi hupenda kunyamaza mbele ya daktari, kirekodi kwa simu kinapokushika, kisha mpe asikilize.