Idadi ya watu, ya nani?

Nimeambiwa tena wiki hii: “Majina ya safu yakishafanana, unganisha majedwali, kazi imekwisha.” Haijaisha. Hata kuanza haijaanza.

Chukua safu ya “idadi ya watu” kwenye data za kufuatilia virusi katika majitaka. Mtaalamu wa magonjwa akiandika 30,000 anamaanisha watu hasa, wanaougua na kupona. Mhandisi wa mtambo wa kusafisha majitaka akiandika 30,000, mara nyingi anamaanisha mzigo: BOD yote (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu) inayoingia kwa siku, ikagawanywa kwa gramu 60 za mtu mmoja. Gramu hizo zimo kwenye agizo la Umoja wa Ulaya la 1991 kuhusu majitaka ya mijini. Kiwanda cha bia kinachomwaga kilo 600 za BOD kwa siku kinahesabiwa kuwa watu 10,000, na hakuna hata mmoja kati yao awezaye kuambukizwa UVIKO-19.

Sasa mji una wakazi 20,000 pamoja na kiwanda hicho. Ukigawa virusi vya siku kwa 30,000, kila mkazi ataonekana kutoa pungufu kwa theluthi nzima. Ulinganishe na mji usio na kiwanda, na ofisi ya afya itadhani huku kuna nafuu. Mhandisi hakukosea. Alitaka kujua ukubwa wa mtambo wake, na kwa kazi hiyo kipimo chake ni sahihi kabisa. Anayeharibu ni anayeunganisha bila kuuliza.

Nitrati nayo ni hivyo hivyo: miligramu 10 kwa lita zilizopimwa kama nitrojeni ni karibu 44 kama nitrati. Na “haikugundulika” si sifuri. Andika kikomo cha maabara, yaani kiwango cha chini kabisa inachoweza kugundua, basi.

Kwangu hakuna safu ya “idadi ya watu”. Kuna wakazi waliounganishwa na bomba, na kuna kilo za BOD kwa siku, kila moja na tarehe na chanzo chake. Dar es Salaam, ambako kaya nyingi zinatumia vyoo vya shimo na makaro, sensa ya kata peke yake haikuambii choo cha nani kinafika kwenye bomba.

Linalonikosesha amani ni urekebishaji kwa PMMoV, kile kirusi cha pilipili kinachopita kwenye kinyesi chetu: unagawa virusi vya ugonjwa kwa kiasi chake, ili kufidia kinyesi kilichozidi au kupungua kwenye sampuli. Kuna mitambo ambako takwimu iliyorekebishwa hufuata mwenendo wa wagonjwa vibaya kuliko ile ghafi, na hatuna kanuni moja ya kuamua. Nahifadhi zote mbili. Namba ya zamani isiyojulikana ilipimwaje siipi tafsiri. Inabaki na alama ya “haijulikani”, hata mwenye mradi akinuna.