Piriton si dawa ya usingizi

"Niuzie Piriton, dokta, jana sikulala kabisa." Hiyo naisikia kwenye dirisha la duka langu la dawa karibu kila siku, kuanzia dereva wa bodaboda wa Majengo hadi mtumishi aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake. Nikimuuliza kama anawashwa au ana mafua, ananishangaa: "Kwani si ya usingizi?"

Si ya usingizi, ni ya mzio. Histamini, kemikali ileile inayokuwasha ngozi, hutengenezwa pia na seli chache za neva ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, na huko kazi yake ni kukuweka macho. Ukiwa macho seli hizo zinachapa kazi, ukilala zinanyamaza. Piriton ni dawa ya kizazi cha zamani: inapenya hadi ubongoni na kuziba vipokezi vya histamini, ndipo unasinzia. Loratadini, dawa ya mzio ya kizazi kipya, haipenyi sana, ndiyo maana kwa wengi hailevyi.

Lakini kumziba mdomo mlinzi si kumlaza mwenye nyumba. Usingizi unaletwa na adenosini, kemikali inayojilimbikiza ubongoni kadiri unavyokaa macho, na saa ya mwili inayoachia melatonini, homoni ya usiku, giza likiingia. Piriton haiongezi hata kimojawapo. Baada ya siku chache mwili unaizoea, mtu anapanda kutoka kidonge kimoja hadi vitatu, halafu anarudi kunigombeza kwamba nauza feki! Kwa mtu mzima, nusu ya dawa huweza kuwa bado mwilini saa 20 baadaye, kwa hiyo asubuhi anawasha pikipiki akiwa bado mzito. Inaziba na asetilikolini pia, kemikali ya neva inayoendesha mate, utumbo na kibofu: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu. Mzee aliyevimba tezi dume anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Bibi anaweza kuanza kuzungumza na watu wasiokuwepo, na ukoo mzima ukasema karogwa. Na wewe mama unayemnywesha mtoto Piriton ya maji ili alale mapema, acha. Hapo sina lugha ya upole.

Mvinyo wa zabibu zetu nao unasifiwa. Unalaza kweli, kwa kuipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Pombe ikishapungua mwilini usingizi unakatika vipandevipande, na saa tisa usiku unahesabu mabati.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakati wa mitihani wanaamini kinywaji cha enaji kinaondoa uchovu. Hakiondoi. Kafeini iliyomo inakalia vipokezi vya adenosini tu, huku adenosini yenyewe ikiendelea kujaa. Nusu yake hubaki mwilini kwa saa 5 hivi, basi kopo la saa kumi na mbili jioni bado linakukodolesha macho saa tano usiku.

Kuna na anayesinzia ovyo mchana akaitwa mvivu au mwenye pepo. Oreksini, kemikali inayoshikilia hali ya kuwa macho, iligunduliwa mwaka 1998. Wapo waliopoteza seli zinazoitengeneza: usingizi unawavamia hata wakila, wengine wakicheka magoti yanalegea. Hao ni wa daktari wa neva, si wa mganga.

Ushauri wangu wauza duka wengine hawaupendi, maana hauuziki: amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo, kisha toka nje upate mwanga wa asubuhi, ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Ukikosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, nenda hospitali ukapimwe, pamoja na sonona. Hakuna atakayekulaza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa sababu umesema hulali.