Barua ya saa 48: maandamano halali yanakokwamia

Maandamano mengi hayafii barabarani. Yanafia masjala ya kituo cha polisi, siku kadhaa kabla, kwa barua iliyoandikwa ovyo au kupelekwa dakika za mwisho. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu haki ya kukusanyika huwa naanza na barua, ingawa msingi wake ni Ibara ya 20 ya Katiba.

Bado wapo wanaosema wanakwenda "kuomba kibali". Kibali kilidaiwa na sheria ya zamani, na sharti hilo lilivunjwa hapahapa Dodoma. Katika kesi ya madai namba 5 ya 1993, Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua Oktoba 1994 kwamba kulazimisha watu wapate kibali kwanza kunakiuka Katiba. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, kwa ofisa anayesimamia polisi wa eneo husika. Kwa kawaida huyo ni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Ukishaitoa unaendelea na maandalizi, isipokuwa upokee amri ya kuzuia. Amri hiyo nayo ina mipaka: ofisa awe ameridhika kwamba lengo si halali, au kwamba amani itavunjika au usalama wa umma utahatarishwa.

Asikudanganye mtu kwamba barua safi inatosha. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa katazo hilo 3 Januari 2023, na kifungu hiki kilikuwepo muda wote huo. Faida ya barua ni nyingine: inamlazimu anayekataa aseme kwa nini, na sababu ikishasemwa inaweza kupingwa.

Sheria inataka mahali, saa na madhumuni. Mimi nashauri uongeze njia mtakayopita, barabara kwa barabara, saa ya kuanza na ya kutawanyika, makadirio ya watu, gari la vipaza sauti, na majina na simu za waandaaji wawili au watatu. Madhumuni yaandikwe kwa sentensi moja inayotaja jambo na ofisi mnayoilenga. "Kudai haki zetu" ni madhumuni yanayomwachia ofisa ajaze mwenyewe anachokihofia. "Kuwasilisha malalamiko ya fidia ya viwanja kwa Mkurugenzi wa Jiji" hayamwachii nafasi hiyo. Na kama mnakusanyika kwenye uwanja wa halmashauri, ruhusa ya uwanja ni barua nyingine, kwa mwenye uwanja. Watu wengi huzichanganya hizi mbili, kisha wanakuta geti limefungwa huku polisi hawana neno.

Sasa muda. Saa 48 ni kiwango cha chini, na anayekitegemea anajifunga mwenyewe. Ukizuiwa, sheria inakupa rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Wa Dodoma tuna nafuu, wizara iko Mtumba na barua inafika kwa bodaboda siku hiyohiyo. Lakini rufaa iliyopelekwa Ijumaa jioni kwa maandamano ya Jumamosi ni karatasi tu. Peleka taarifa wiki mbili kabla. Uamuzi wa Waziri unaitwa wa mwisho, ila Mahakama Kuu bado inaweza kuombwa iupitie. Maombi ya ruhusa ya kufanya hivyo yanapaswa kufunguliwa ndani ya miezi sita.

Nenda na nakala mbili. Yako igongwe muhuri, iandikwe tarehe, saa, jina na namba ya askari aliyepokea. Saa ndiyo husahaulika, na ndiyo inayohesabiwa. Wakikataa kugonga, tuma kwa EMS, huduma ya barua za haraka ya Posta, na utunze risiti. Mkipigiwa simu kwamba mmezuiwa kwa kuwa kuna "taarifa za kiintelijensia", jibuni kwa barua siku hiyohiyo: mtajeni aliyepiga na saa aliyopiga, kisha ombeni amri hiyo kwa maandishi.

Amri ikishatolewa, msiingie barabarani kwa ubishi. Watu watatu wanatosha kuwa mkusanyiko usio halali, na anayekwenda mahabusu mara nyingi ni kijana aliyefuata tu wenzake. Hali ni hiyohiyo polisi wakitoa ilani ya kutawanyika katikati ya maandamano yaliyoanza vizuri. Ndiyo maana nasisitiza wasimamizi wenye vizibao, wanaojua njia na wenye mamlaka ya kusema "tunaishia hapa".

Kwa mambo ya kijiji, kabla ya yote hayo, upo mkutano mkuu wa kijiji, kila baada ya miezi mitatu, ambapo mkazi yeyote mwenye miaka 18 na zaidi anaweza kudai taarifa ya mapato na matumizi. Kama haujaitishwa, hilo peke yake ni lalamiko halali kwa mkurugenzi wa wilaya.

Kama kinachowasumbua ni muswada, bango linasaidia kidogo kuliko jedwali. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kamati ya kudumu ya Bunge, na kamati huita wadau, mara nyingi kwa notisi fupi. Andaa safu nne: kifungu, kilivyo sasa, kisomeke vipi, na sababu. Maoni yasiyotaja kifungu yanasikilizwa kwa heshima halafu yanaachwa mezani. Nakala moja mpe mbunge anayekubaliana nawe, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kuleta jedwali la marekebisho kwenye Kamati ya Bunge Zima, pale wabunge wote wanapopitia muswada kifungu kwa kifungu. Muswada ukija kwa hati ya dharura siku hupungua sana, kwa hiyo jedwali lianze kuandikwa siku muswada unapoonekana, hata kabla kamati haijaita mtu.