Pikipiki ya zamani inarusha? Anza na upepo, oili na koni kabla ya kununua shokapu

Dereva akilalamika kwamba pikipiki yake inarusha, jibu analopewa dukani karibu kila mara ni moja: badilisha shokapu. Anachagua jozi ya nyuma yenye springi nene iliyopakwa rangi, anafungiwa, na kesho yake kiuno kinamuuma kuliko jana. Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi Tanga, yaani Boxer, TVS HLX, Honda CG na za Kichina za ukubwa huo, shokapu mpya ya nyuma ndiyo inayostahili kununuliwa mwisho. Kabla yake kuna kazi kadhaa zinazokula oili kidogo, grisi, raba na muda wa fundi, na zikifanywa kwa mpangilio wake hata pikipiki iliyochoka sana hutulia.

Mpangilio huo una sababu. Springi inabeba uzito. Oili iliyo ndani ya shokapu inaituliza springi isiendelee kuruka baada ya shimo kupita. Beringi na bushi zinayashika magurudumu yafuate mstari mmoja. Kila kimoja kina kazi yake na hakuna kinachoweza kumfanyia mwenzake. Ukifunga springi ngumu nyuma ilhali oili ya mbele imekwisha, mshtuko unabaki palepale, ila sasa unaingia mikononi na mabegani.

Uchunguzi wake ni wa dakika kumi. Panda pikipiki, shika breki ya mbele, kandamiza usukani chini kwa nguvu kisha uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikicheza juu na chini mara mbili au tatu, oili ya mbele imechoka au imepungua. Fanya hivyo nyuma kwa kukandamiza siti. Halafu isimamishe kwa stendi kubwa, weka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, ushike miguu ya shokapu kwa chini na kuivuta mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo wa chuma, koni za stelingi, yaani beringi za shingo ya usukani, zimelegea. Zungusha usukani polepole kulia na kushoto: ukikwama kidogo katikati kama unaingia kwenye tundu, bakuli za koni zimechimbika na kukaza hakutasaidia. Mwisho, shika gurudumu la nyuma kwa juu na chini, ulitikise. Likicheza lenyewe tu, ni beringi za gurudumu. Likicheza pamoja na mkono unaolibeba, ni bushi za mkono huo.

Tairi na upepo

Tairi ndiyo shokapu ya kwanza, na upepo haugharimu kitu kikubwa. Pikipiki nyingi za kundi hili zinatumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Upepo unaozifaa uko karibu na psi 25 mbele, na nyuma psi 28 dereva akiwa peke yake, hadi 32 akiwa na abiria. Kama stika ya cheni kava au kitabu cha pikipiki yako kinasema namba nyingine, fuata hiyo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu baada ya safari ya kutoka Ngamiani hadi Pongwe hewa imeshapata joto na kipimo kinasoma juu.

Wengi hujaza hadi 40 wakiamini mzigo unataka tairi gumu. Tairi la namna hiyo haliminyiki kwenye kokoto. Linaruka, linashika barabara kwa sehemu ndogo ya katikati, na breki inapokamatwa kwenye vumbi la barabara za mashamba ya mkonge linateleza mapema. Upepo mdogo nao una ubaya wake: tairi linahama juu ya rimu, linaburuta tyubu, na valvu inakatika shinani. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima, tyubu imeshaanza kuburutwa.

Angalia na umri. Kwenye ubavu kuna namba nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya kukanyagia) nzuri lakini mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni halishiki tena kwenye lami iliyolowa. Usiongeze unene kwa kutafuta starehe. Tairi pana kuliko rimu yake linajikunja vibaya kwenye kona, na nyuma linaweza kusugua cheni.

Kama rimu ni ya spoku, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kwa sauti kali, iliyolegea inatoa sauti iliyofifia. Kaza robo mzunguko kila mara, ukizungusha gurudumu na kutazama rimu inavyopita karibu na alama moja isiyosogea. Ikiyumba zaidi ya milimita 2 bado kuna kazi.

Oili ya mbele

Hapa ndipo fedha kidogo inaleta tofauti kubwa, na ndipo panaposahauliwa kuliko pote. Oili ya injini hubadilishwa kila mara, lakini ile ya shokapu za mbele huachwa miaka mpaka inakuwa tope jeusi lenye unga wa chuma.

Kinachotakiwa ni oili ya shokapu ya 10W. Ukiikosa, oili ya gia otomatiki ya magari, ile nyekundu inayoitwa ATF, ina wepesi unaokaribiana nayo na inapatikana kila duka la vipuri. Usitie oili ya injini ya 20W-50. Ni nzito mno: shokapu inakuwa ngumu kwenye mashimo madogo yanayofuatana, haiwahi kurudi kabla ya shimo linalofuata, na gurudumu linabaki limejibana juu.

Kiasi kinategemea pikipiki. Kwa nyingi za ukubwa huu ni kati ya ml 130 na 200 kwa kila mguu, kwa hiyo kitafute kwenye kitabu chake. La kushikilia ni usawa: mguu wa kulia na wa kushoto zipate kiasi kilekile, kipimwe kwa bomba la sindano la ml 60. Kukadiria kwa jicho kunaacha mguu mmoja ukiwa na oili nyingi kuliko mwingine.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele likining'inia. Fungua nati ya juu ya mguu mmoja taratibu, mkono ukiwa umeikandamiza, maana springi iliyo chini yake ina nguvu na inaweza kuirusha usoni. Toa bolti ndogo ya kumwagia oili iliyo chini karibu na ekseli, weka kopo, kisha pandisha na kushusha gurudumu mpaka pasitoke tena tone. Kama mguu hauna bolti hiyo, utoe mzima na kuupindua. Suuza kwa oili mpya kidogo, imwage, rudisha bolti pamoja na washa yake ya shaba, tia kiasi kilichopimwa, pandisha na kushusha mara 10 polepole ili hewa itoke, kisha funga juu. Rudia upande wa pili.

Springi za zamani hufupika. Gurudumu likiwa bado linaning'inia, zungushia kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye bomba la kromu, iguse sili, ile raba inayozuia oili kutoka, kisha shusha pikipiki, mtu akushikilie nawe uipande bila kuirukia. Umbali ambao kamba imesukumwa ndio kiasi ambacho uzito wa pikipiki pamoja na wako unaishusha. Kikizidi theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu, springi imelala. Tiba ya bei rahisi ni kipande cha bomba gumu la plastiki, urefu wa milimita 10 hadi 15, kilichokatwa sawasawa na kuwekwa kati ya springi na nati ya juu kwa washa ya chuma, miguu yote miwili. Usizidishe: springi iliyobanwa mno inafika mwisho wa kukunjika kabla ya shokapu yenyewe kumaliza mwendo.

Sili inayovuja si lazima ibadilishwe siku hiyohiyo. Mara nyingi ni mchanga uliokaa chini ya mdomo wake. Kata ukanda mwembamba wa plastiki ngumu ya chupa, laini pembe zake, upitishe taratibu kati ya bomba na sili kuzunguka pande zote, uchafu utatoka nao. Kama kromu ina vijishimo vya kutu, sugua makali yake kwa msasa wa maji namba 1000 wenye oili, la sivyo sili mpya nayo itakatwa. Oili ikishateremka hadi kwenye breki ya mbele, pikipiki hiyo haifai kubeba abiria mpaka itengenezwe.

Chumvi

Pwani yetu ina adui ambaye dereva wa Dodoma hamjui. Hewa ya bahari peke yake inakula kromu, lakini wanaobeba samaki kutoka Deep Sea na Sahare wanapata kubwa zaidi: maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kutoka kwenye tenga moja kwa moja hadi kwenye shokapu ya nyuma, bushi na cheni. Sinia la plastiki lenye ukingo chini ya tenga, na mrija wa kutolea maji nyuma ya gurudumu, ni bei ya chini kuliko kubadilisha vipuri hivyo. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, bila kulenga bomba la shinikizo kwenye beringi, kisha pitisha kitambaa chenye oili kwenye bomba za kromu.

Koni zitiwe grisi isiyoyeyuka kwa maji angalau mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni baada ya masika. Unapozifungua tandaza kitambaa chini, hesabu gololi za juu na za chini kabla hazijachanganyika. Zikichimbika, badilisha seti nzima. Kaza mpaka mchezo uishe tu. Gurudumu likining'inia, usukani unatakiwa uanguke wenyewe upande wowote ukiusukuma kidogo kutoka katikati. Koni zilizokazwa kupita kiasi zinaifanya pikipiki ipepesuke ikienda polepole, na dereva anadhani tatizo ni tairi.

Nyuma, kwa uangalifu

Bushi za mkono wa nyuma ziko za aina mbili. Za chuma au plastiki hutiwa grisi. Za raba iliyoshikana na chuma hazitaki grisi, na bolti yake ikazwe pikipiki ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, kwani ukikaza gurudumu likining'inia raba inabaki imesokotwa na hupasuka mapema. Badilisha pia raba ndogo za juu na chini za shokapu. Kelele nyingi zinazosikika barabara ya Muheza kupanda Amani hutokana na raba hizo tu.

Cheni nayo inahusika. Iliyokazwa sana inauzuia mkono wa nyuma kupanda, kwa hiyo shokapu nzuri inaonekana ngumu na beringi zinakufa. Iache icheze milimita 25 hadi 30 mahali inapokaza zaidi.

Ikibidi kununua shokapu, nunua jozi, na upime kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini: urefu uwe uleule. Ile mitungi midogo inayong'aa kwenye shokapu za bei nafuu mara nyingi ni mapambo yasiyo na gesi. Pete ya kuongeza ukali wa springi iwe hatua moja pande zote mbili. Kuchomelea springi ya pili au kubana kwa vipande vya chuma ili kubeba mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) kunapasua fremu pale shokapu iliposhikiliwa, na ufa huo hauonekani mpaka rangi ibanduke.

Siti iliyobonyea ipelekwe kwa fundi makochi. Aweke sponji ngumu ya milimita 20 hadi 30 chini ya ile ya zamani, wala si sponji ya godoro, ambayo hulala ndani ya wiki chache.

Baada ya kazi yote, jaribu kwanza bila abiria, kwa kilomita 30 kwa saa, kwenye barabara unayoijua matuta yake, ukikamata breki mara kadhaa pasipo na magari. Baada ya kilomita 200 rudi kwenye spoku, koni, nati za ekseli na bolti za shokapu ukiwa na spana, maana vipuri vipya na grisi mpya hujipanga na kulegea kidogo siku za mwanzo.