Je, wajua kwa nini pau za grafu moja huachana ilhali za nyingine hugusana?

Jibu hutokana na aina ya data, wala si mapendeleo ya mchoraji. Tuwatazame samaki wanaoshushwa katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Anayewaandika daftarini anaweza kuuliza mambo mawili: huyu ni samaki gani, na ana urefu wa sentimita ngapi?

Swali la kwanza huleta data ya sifa: ngege, mbuta, kamongo, mumi. Kati ya ngege na mumi hakuna samaki wa katikati, kwa hiyo katika grafu ya pau, ambayo Mskoti William Playfair aliichapisha mwaka 1786, nafasi huachwa baina ya upau mmoja na mwingine, na hata ukianza na mumi hakuna kinachoharibika. Idadi ya wavuvi katika kila mashua nayo huachanisha pau, kwani watu huwa 3 au 4, lakini mpangilio wake haubadilishwi.

Urefu ni jambo jingine. Mbuta anaweza kuwa na sentimita 49, au 50, au kipimo chochote kilicho baina yake. Data hii endelevu hugawanywa katika madaraja, yaani makundi ya vipimo yanayofuatana, na kila daraja huanzia pale pale lilipoishia lililotangulia. Ndiyo maana pau za histogramu, yaani grafu ya data endelevu, hugusana: nafasi tupu ingedai kwamba hakuna samaki wa urefu huo.

Jambo ambalo wengi hulipita, na ambalo kwangu ndilo kiini, ni kwamba katika histogramu kinachosomwa ni eneo la upau, yaani upana mara kimo, wala si kimo peke yake. Tuseme daraja la 50 hadi 60 lina samaki 12 na la 60 hadi 70 lina 8. Ukiyaunganisha, upau huo wenye upana maradufu utakuwa na kimo cha 10, si 20, la sivyo utamdanganya msomaji.

Katika Ziwa Victoria, mbuta aliye chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa. Grafu ya aina za samaki haiwezi kufichua uvuvi wa wachanga, ilhali histogramu huuonyesha waziwazi pau zinaporundikana kushoto mwa 50. Hata hivyo, mchoraji sharti aanzishe daraja moja hasa kwenye 50, kwa sababu akiliweka kati ya 45 na 55, samaki wanaoruhusiwa na wasioruhusiwa watachanganyika ndani ya upau mmoja, na grafu haitajibu swali lililomfanya aichore.