"Lehemu nzuri ninayo ya kutosha": namba ya HDL isivyoweza kukulinda sukari ikiwa juu

Majibu ya mafuta yakitoka, macho yanakimbilia mstari mmoja: HDL, ile lehemu (kolesteroli) inayoitwa nzuri, 1.6. Halafu inakuja kauli inayorudiwa kila wiki kwenye kliniki za kisukari, Moshi na Arusha: "Daktari, lehemu nzuri ninayo ya kutosha, hata sukari ikipanda kidogo moyo wangu una kinga." Kwenye bahasha hiyohiyo kuna HbA1c, kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ya asilimia 9.4, yaani wastani wa sukari wa karibu 12.4 mmol/L, na hiyo haiulizwi kabisa. Dhana hii inachosha kuliko zote, kwa sababu mtu akishaishika analegeza sukari kwa moyo mweupe.

Ile 1.6 inaonyesha kiasi cha lehemu kilichokuwa kimebebwa na HDL saa ile damu ilipotolewa. Ni mzigo ulioko ndani ya malori. Malori yamezoa taka kutoka mitaa mingapi, namba haisemi. Kazi yenyewe ya HDL ni kuchukua lehemu kutoka kwenye seli zilizoimeza ndani ya ukuta wa mshipa na kuirudisha kwenye ini, na pia kuizuia LDL, lehemu inayoitwa mbaya, isiungue kikemikali na kuchochea uvimbe pale ukutani.

Sukari inaharibu hapo hapo. Glukosi ikizidi kwenye damu hujibandika yenyewe kwenye protini, bila kusubiri kimeng'enya. Hujibandika kwenye hemoglobini, na hiyo ndiyo tunayoipima kama HbA1c. Hujibandika pia kwenye apoA-I, protini kuu ya HDL. HDL ya namna hiyo huzoa lehemu kwa udhaifu, na kimeng'enya chake cha paraoksonesi, kinachoilinda LDL, hupungua nguvu. Kwenye karatasi bado inasomeka 1.6.

Kuipandisha namba kwa dawa kumeshajaribiwa. Dawa ya torcetrapib iliipandisha HDL sana, lakini mwaka 2006 majaribio yake yalisitishwa kwa kuwa waliopewa walikufa wengi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia unga au majani ya "kuongeza lehemu nzuri", mwache na mzigo wake.

Maabara zetu za kawaida hazipimi utendaji wa HDL, basi shika unachoweza kupima. Lengo kwa walio wengi ni HbA1c chini ya 7. Nyumbani, kabla ya kula asubuhi iwe 4.4 hadi 7.2, na baada ya saa 2 tangu tonge la kwanza iwe chini ya 10. Nawa mikono kwa maji na sabuni, ikauke, ndipo utoboe kidole. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa atapata namba ya embe. Na kujinyima chakula siku 2 kabla ya kliniki hakumdanganyi mtu: ya asubuhi itasoma 6, HbA1c itaeleza miezi mitatu yote. Mwenye upungufu wa damu, selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni aseme mapema, maana kwake HbA1c hupotosha.

Habari njema ni kwamba hemoglobini hukaa karibu siku 120, ila apoA-I hukaa siku chache tu. HDL inayotengenezwa wiki hii inaingia kwenye sukari ya wiki hii. Usingoje kipimo kijacho ndipo uanze. Ngumi moja ya ugali, nusu sahani mnafu au mchicha, kisha tembea dakika 15 mara baada ya kula. Ningeruhusiwa kuagiza jambo moja tu, ningeagiza hayo matembezi.

Kuna na kauli nyingine zinazorudiwa kliniki. "Mbege kidogo husafisha mishipa." Pombe hupandisha HDL, ni kweli, ila ni namba ileile tuliyokwisha kuisema. Hupandisha pia trigliseridi, mafuta mengine ya damu, na mbege ni ndizi mbivu na ulezi, ina sukari yake. Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) akinywa bila kula anaweza kushuka sukari usiku akiwa usingizini.

"Dona haipandishi sukari." Inapandisha. Nyuzinyuzi zake hupunguza kasi, haziondoi wanga.

"Asali ya porini ni dawa." Ni sukari.

"Parachichi lina mafuta, limekatazwa." Halijakatazwa, mafuta yake ni mazuri. Nusu tunda inatosha, ichukue nafasi ya chipsi, isiongezwe juu yake.

"LDL imeshuka, naacha statini." Statini ni dawa ya kushusha lehemu; LDL imeshuka kwa sababu unaimeza, ukiacha, ndani ya wiki chache inarudi ilikokuwa. Mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40 kwa kawaida huandikiwa hata kama LDL yake inaonekana ya wastani. Misuli ikiuma bila sababu, rudi ubadilishiwe dozi au aina. Usiifiche kabatini ukasema unakunywa.